Wajukuu watafufua gari gani?

Umeuliza kati ya haya magari yetu ya kawaida ni lipi wajukuu watahangaika kulifufua. Mimi naweka Peugeot 504 mbele, hasa pikapu na ile ndefu ya viti saba iliyokuwa ikibeba abiria wa safari za mbali Kenya. Ilitoka 1968, ikashinda mbio za magari za Safari Rally 1975, na ndugu yake wa milango miwili akarudia 1978. Injini zake nyingi ni za kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli bila kompyuta, hivyo fundi yeyote mwenye spana anazifungua chini ya mwembe. Adui mkubwa ni kutu, lakini bati huchomelewa.

Datsun 160J nayo ina jina: dereva Shekhar Mehta alishinda Safari Rally na Datsun miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Toyota Corolla DX? Tayari vijana wanazitafuta, bei zimeanza kupanda.

Toyota Probox, ile ya kubebea mizigo, ndiyo ngumu kutabiri. Watu wanaicheka, lakini gari linalofanyishwa kazi mpaka life ndilo huwa adimu baadaye, maana hakuna anayelitunza. Shida yake haitakuwa bodi. Itakuwa kompyuta ya injini, vihisi (sensa) vyake na waya. Hizo huchomelei, na siku kiwanda kikiacha kuzitengeneza utabaki kunyofoa kwenye mikweche mingine.

Ukiwa na 504 ya mzee imelala nyuma ya nyumba, usiuze kwa wa vyuma chakavu. Weka taa, vioo na dashibodi zake za asili ndani, pakavu. Injini utapata nyingine. Hivyo vidude vidogo ndivyo vinavyosumbua.