Wasomaji Wanauliza: Scania Ilikua kwa Njia Gani?

Katika toleo hili tunajibu barua tulizopokea kuhusu kampuni moja tu, Scania ya Sweden, ambayo malori na mabasi yake yamezoeleka katika barabara zetu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa semi-trela kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Kila ninapoegesha naona vichwa vya Scania, vipya kwa vikuukuu. Nchi yenye watu wachache kama Sweden iliwezaje kutoa kampuni iliyoenea hivi? (Dereva, Mbeya)

JIBU: Uchache wa watu ni sehemu ya jibu lenyewe, kwa kuwa soko la Sweden peke yake lisingeweza kukilisha kiwanda kikubwa cha malori. Kampuni hii ilitokana na mbili: Vabis, iliyoanzishwa mwaka 1891 katika mji wa Södertälje ili kutengeneza mabehewa ya reli, na Scania ya Malmö, ambayo chimbuko lake lilikuwa baiskeli. Ziliungana mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza ilileta faida nono, na kampuni ikajitanua hadi Denmark na Norway. Lakini vita vilipokwisha, malori ya jeshi yaliyobaki yalimwagwa sokoni kwa bei ya kutupa, na kufikia mwaka 1921 kampuni ilikuwa taabani, ikabidi iundwe upya kwa fedha za benki ya Stockholms Enskilda, iliyokuwa ya ukoo wa Wallenberg. Matawi ya nje yalifungwa, na kabla ya muongo huo kwisha magari madogo nayo yaliachwa. Kwa maoni yangu, kuporomoka huko kulifaa kuliko ile faida ya vita, kwa sababu kampuni ilibaki na lori kubwa na basi tu, na tangu hapo haijahangaika na mengi.

Safari ya pili ya kwenda nje ilikuwa ya tahadhari zaidi. Mwaka 1957 malori yake yalianza kuunganishwa Brazil na kampuni ya huko iitwayo Vemag, wakati serikali ya Brazil ilipokuwa ikibana uingizaji wa magari na kutaka yatengenezwe nchini. Mwaka 1962 Scania ilikuwa na kiwanda chake São Bernardo do Campo, pembezoni mwa São Paulo. Mwaka 1964 kikafuata cha Zwolle, Uholanzi, kwa kuwa Sweden haikuwa mwanachama wa soko la pamoja la Ulaya, na lori lililounganishwa ndani ya soko hilo halikutozwa ushuru wa mpakani. Baadaye zikaja Argentina mwaka 1976, Angers ya Ufaransa mwaka 1992, na juzijuzi, mwaka 2025, Rugao nchini China. Ukiitazama orodha hiyo kwa makini, utaona kwamba viwanda vingi vilijengwa mahali ambapo ushuru au masharti ya serikali yalifanya biashara ya kuingiza lori zima kutokea Sweden isilipe.

SWALI: Nimeshafungua injini za Scania za silinda tano na za silinda sita, na vipuri vingi vinaingiliana. Ni bahati tu, au walikusudia? (Fundi, Iringa)

JIBU: Walikusudia, na mikono yako imegusa jambo ambalo bila hilo kampuni hii ingekuwa imekwisha kushindwa na washindani wakubwa. Chukua injini ya lita 9.3 yenye silinda tano, ile ya lita 12.7 yenye silinda sita, na V8, yaani ya silinda nane, ya lita 16.4. Zote tatu zina kipenyo cha silinda cha milimita 130. Kinachotofautiana ni idadi ya silinda na mwendo wa pistoni, ambao ni milimita 140, 160 na 154 kwa mfuatano huo. Kila silinda ina hedi (kifuniko cha juu) yake ya peke yake, badala ya hedi moja ndefu inayofunika zote, na ndiyo maana gasketi ikiungua kwenye silinda ya tatu unaweza kuifungua hiyo moja ukaziacha nyingine zimefungwa.

Kwa fundi hiyo ni nafuu ya kazi. Kwa mwenye kiwanda ni nafuu ya hesabu: hata kama anauza malori machache kuliko mshindani wake wa Ujerumani, anatengeneza hedi za aina moja kwa wingi mkubwa, na gharama ya kila moja inashuka. Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1939 kampuni ilitoa jamii ya injini za silinda 4, 6 na 8 zilizotumia vipuri vingi vya pamoja, na mwaka 1980 utaratibu huohuo ukafika kwenye kabini, hata kabini ndogo na kubwa zikajengwa kwa vipande vilevile vya msingi.

SWALI: Basi letu limeandikwa Scania mbele na Marcopolo ubavuni. Lipi ni jina lake? (Kondakta, Arusha)

JIBU: Yote mawili. Scania huuza chesesi, yaani fremu pamoja na injini, giaboksi, ekseli na usukani, na bodi hujengwa na mwingine. Marcopolo ni kampuni ya Brazil ya wajenzi wa bodi. Karakana za Kenya na Tanzania nazo hujenga bodi juu ya chesesi hizo. Scania ilikuwa pia na kiwanda chake cha bodi za mabasi huko Słupsk, Poland, lakini mwaka 2023 ilitangaza kwamba itaiacha kazi hiyo.

SWALI: Nasikia Scania si ya Wasweden tena. Je, ni kweli? (Mwalimu wa biashara, Mombasa)

JIBU: Makao yake makuu yangali Södertälje, ila mwenye mali ni mwingine. Mwaka 1969 iliungana na Saab, zikaachana mwaka 1995, na mwaka uliofuata hisa za Scania zikaanza kuuzwa hadharani. Hapo wachumba wakafuatana. Volvo ilikubaliana bei na mwenye hisa mkuu mwaka 1999, lakini Tume ya Ulaya ikazuia mwaka 2000, kwa hoja kwamba kampuni hizo mbili zingeshika takriban asilimia 90 ya soko la malori makubwa nchini Sweden. MAN ya Ujerumani ilijaribu kwa nguvu mwaka 2006, ikajiondoa mapema mwaka 2007. Volkswagen, iliyokuwa ikinunua hisa polepole tangu mwaka 2000, ilipata kura nyingi za wenye hisa mwaka 2008 na ikaimiliki yote kufikia mwaka 2015. Leo Scania imo ndani ya Traton, kundi la malori la Volkswagen, pamoja na MAN yenyewe, iliyotaka kuinunua, na tangu mwaka 2021 pamoja na Navistar ya Marekani (sasa inaitwa International).

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, wanafunzi wako wasikie na upande wa pili. Mwaka 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Scania faini ya euro milioni 880 kwa kushirikiana na watengenezaji wengine katika kupanga bei za malori kuanzia mwaka 1997 hadi 2011. Wenzake walikubali makosa mwaka mmoja kabla. Scania ilikana, ikaenda mahakamani, na ikashindwa rufaa ya mwisho mwaka 2024.

SWALI: Nanunua vichwa vilivyotumika. Wauzaji husema cha Brazil ni duni kuliko cha Sweden. Niwaamini? (Mfanyabiashara, Lubumbashi)

JIBU: Usiwaamini kwa hilo peke yake. Michoro ni ya pamoja, na viwanda hupelekeana vipuri. Ukitaka kujua lori lilikotoka, soma alama tatu za mwanzo za namba ya chesesi: YS2 ni Sweden, XLE ni Uholanzi, VLU ni Ufaransa na 9BS ni Brazil. Kisha achana na nchi, uulize yatakayokugharimu: uwiano wa difu, uzito ambao ekseli zimeruhusiwa kubeba, na kiwango cha Euro cha injini (kipimo cha Ulaya cha usafi wa moshi), kwa sababu injini ya Euro 6 iliyozoea dizeli safi ya Ulaya haitavumilia dizeli yenye salfa nyingi kama injini ya Euro 3 inavyoivumilia.