Wastani wa mvua wa bonde: 900 au 1,058?

Swali: Bonde la mto tunalolifanyia kazi lina kilomita za mraba 800. Vituo vinne vya mvua viko tambarare (milimita 720, 760, 700 na 810 kwa mwaka), cha tano kiko mlimani (1,510). Nikijumlisha na kugawa kwa tano napata 900. Mwenzangu ametumia poligoni za Thiessen (kila kituo hupewa ardhi iliyo karibu nacho zaidi, na mvua yake huhesabiwa kwa ukubwa wa eneo hilo), zenye maeneo ya kilomita za mraba 110, 90, 100, 180 na 320 kwa mpangilio huohuo, akapata 1,058. Tuandike ipi kwenye ripoti?

Jibu: Msiandike yoyote kati ya hizo mbili. Na msiichukulie tofauti yenu kuwa ndogo. Milimita 1 ya mvua juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000, kwa hiyo mnabishania zaidi ya mita za ujazo milioni 126 za maji kila mwaka.

Hesabu yako inakipa kila kituo sauti sawa. Hilo halina ubaya pale ambapo ardhi ni tambarare, vituo vimetawanyika vizuri na takwimu zake zinakaribiana. Kwenu, mlima unaochukua sehemu kubwa ya bonde umepewa kura moja kati ya tano.

Mwenzako amekosea upande wa pili. Mbinu ya Thiessen hugawa ardhi katikati ya kila vituo viwili vinavyopakana, bila kujali mwinuko. Kituo cha mlimani kimebeba asilimia 40 ya bonde, na humo mna miteremko ya chini ambayo haipati milimita 1,510 hata kidogo. Ndiyo maana jibu lake limepanda.

Chora mistari ya mvua sawa juu ya ramani yenye kontua (mistari ya mwinuko sawa). Weka takwimu za vituo, pamoja na vya jirani vilivyo nje ya mpaka wa bonde, kisha pitisha mistari kila milimita 200. Kati ya kituo cha 810 na cha 1,510 usiigawe nafasi kwa rula: mistari ifuate kontua, isongamane penye mteremko mkali na kuachana penye mteremko wa taratibu. Pima eneo kati ya kila mistari miwili, zidisha kwa mvua ya katikati, jumlisha, gawa kwa eneo lote. Tuseme ramani yenu inatoa kilomita za mraba 300 chini ya 800 (wastani 745), 150 zenye 900, 130 zenye 1,100, 120 zenye 1,300 na 100 juu ya 1,400 (wastani 1,480). Jibu ni milimita 1,007. Kanda mbili za pembeni hazina mstari wa pili, hivyo wastani wake unakadiriwa kwa kuangalia vituo vilivyomo. Hapo ndipo watu wawili hutofautiana.

Kabla ya hayo yote, kagua data. Siku isiyo na kipimo ikiachwa tupu, programu nyingine huisoma kama sifuri, na kituo kinaonekana kikavu bure. Kipimo kikubwa cha Jumatatu baada ya Jumamosi na Jumapili zenye sifuri mara nyingi ni mvua ya siku tatu iliyomwagwa pamoja. Kwa jumla ya mwaka haidhuru, kwa mafuriko inadhuru sana.

Mkiamua kubaki na Thiessen kwenye programu ya ramani ya QGIS, ongezeni ukanda wa ziada wakati wa kutengeneza poligoni za Voronoi (jina jingine la poligoni za Thiessen). Ukiwa 0, poligoni huishia penye vituo vya mwisho na kingo za bonde hubaki bila kituo. Badilisheni pia ramani iwe ya mita badala ya digrii, kisha hakikisheni maeneo yanajumlika kuwa 800.

Udhaifu wenu mkubwa ni kipimamvua kimoja mlimani. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linapendekeza angalau kimoja kwa kila kilomita za mraba 250 za milima. Kama bajeti inaruhusu kimoja tu, kiwekeni katikati ya mteremko, si kileleni: katikati ndiko mistari yenu inakobahatishwa, na upepo wa kileleni hupeperusha matone yasiingie kwenye chombo. Data za setilaiti kama CHIRPS, zenye miraba ya digrii 0.05 tangu 1981, zinasaidia kuona umbo la mvua, ila zimechanganywa na vipimo vya vituo, hivyo si shahidi huru kabisa.

Shahidi bora ni mto wenyewe. Mto ukipitisha wastani wa mita za ujazo 8 kwa sekunde, hiyo ni milimita 315 juu ya bonde zima kwa mwaka. Kwa 1,007 mnabaki na upotevu (mvua isiyofika mtoni) wa 692, kwa 900 ni 585, kwa 1,058 ni 743. Linganisheni na makadirio ya uvukizi ya eneo lenu, mkihesabu mwaka kuanzia mwisho wa kiangazi, maji yaliyohifadhiwa ardhini yanapokuwa machache.