Pumzi huwahi, miguu huchelewa: kumwandaa farasi kabla ya msimu hapa Lubumbashi

Mwishoni mwa mwezi wa nne, mvua zikianza kukatika, farasi wa klabu hutoka bandani wakiwa wamenenepa, na sisi tunaowapanda hutoka ofisini tukiwa vivyo hivyo. Mashindano yetu ya kiangazi, ya mchezo wa farasi uitwao konkuru komple, huangukia mwezi wa nane. Hapo katikati kuna miezi mitatu na ushee, na swali ninaloulizwa kila mwaka halibadiliki: farasi wangu ana nguvu, anaruka bila shida, kwa nini nisianze krosi, yaani mbio za porini zenye kuruka magogo, sasa hivi?

Kwa sababu pumzi huwahi na miguu huchelewa. Moyo na mapafu ya farasi huitikia mazoezi ndani ya wiki chache tu. Misuli hufuata. Kano na mifupa huhitaji miezi, na haziko tayari eti kwa kuwa farasi anarusha kichwa akitaka kukimbia. Ukimpa mwendo unaotoshana na pumzi yake mwezi wa tano, anayelipa ni mguu wa mbele mwezi wa saba, wakati ulishamwona yuko tayari kabisa.

Kwa wageni wa mchezo huu: konkuru komple ni mitihani mitatu kwa farasi mmoja na mpandaji mmoja. Kwanza dresaji, yaani utii na mwendo mzuri uwanjani. Kisha krosi, kukimbia porini na kuruka magogo, mitaro na maji. Mwisho ni vizuizi vya uwanjani, ambavyo kila fito inayoanguka ni alama 4 za adhabu. Kwenye krosi, farasi akikataa kizuizi mara ya kwanza ni 20, akirudia palepale ni 40 zaidi, na akikataa mara ya tatu palepale mnatoka. Mchezo ulizaliwa jeshini. Ulipoingia Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, washindani walikuwa maofisa wa jeshi. Ndiyo maana kwenye mashindano makubwa farasi hukaguliwa tena miguu baada ya krosi, asubuhi ya siku ya vizuizi. Jeshi lilitaka farasi ambaye kesho yake bado anafaa kwa kazi. Mtu akiniambia farasi wake ni hodari sana wa krosi, mimi huuliza aliamkaje siku iliyofuata.

Sasa kazi yenyewe. Mwezi wa kwanza wa mazoezi, mtembeze. Najua inachosha. Anza na nusu saa, ongeza taratibu hadi saa nzima na zaidi, hatua ndefu, shingo chini, siyo kuburuta kwato. Mwezi wa pili wa mazoezi ongeza mwendo wa matiti, ule wa haraka kuliko kutembea lakini bado si mbio, kwanza dakika chache chache, na mizunguko mikubwa badala ya kumzungusha mahali padogo. Shoti ya taratibu, yaani mbio nyepesi, na kuruka vizuizi visubiri mwezi wa tatu wa mazoezi. Farasi ambaye hakusimama kabisa wakati wa mvua unaweza kumfupishia hatua hizi. Aliyesimama miezi minne, usimfupishie hata kidogo.

Watu hulalamika kwamba Lubumbashi hakuna vilima, na ni kweli mji umelala tambarare. Lakini tuna vichuguu. Ukitoka nje ya mji kuelekea porini utakuta vile vikubwa vya miaka mingi, vimeota miti juu, virefu kuliko nyumba. Mtelemko wake unatosha kujenga misuli ya nyuma ya farasi: panda kwa hatua, shuka kwa hatua, mwache ashike mwili wake mwenyewe. Chunguza kwanza kwa miguu yako. Wachoma matofali huchimba udongo huo ubavuni na kuacha mashimo yanayofunikwa na nyasi, na kichuguu ambacho mchwa bado wanaishi kinaweza kutitia. Kwenye kichuguu usipige shoti kamwe.

Ardhi ndiyo kalenda yangu halisi. Mwezi wa tano udongo bado una unyevu na unapokea kwato vizuri. Kufikia mwezi wa saba ule udongo mwekundu umekuwa mgumu kama sakafu ya sementi. Kwa hiyo jinsi msimu unavyokwenda, ndivyo kazi ya kasi inavyozidi kuhitajika na ndivyo ardhi inavyozidi kuikataa. Sisi tunachofanya ni kutafuta ukanda mmoja mrefu wenye nyasi, kuuondoa mawe, na kuutunza kwa ajili ya siku za kasi peke yake. Farasi wote wakipita hapo kila siku, baada ya majuma mawili hakuna tena nyasi. Kuruka kwenye ardhi ngumu, punguza idadi. Farasi anayejua kuruka hahitaji kuruka vizuizi arobaini ili akumbuke.

Kila asubuhi, kabla tandiko halijamgusa, gusa miguu. Nalisema hili hadi watu wananikimbia. Chuchumaa ubavuni, telezesha kiganja nyuma ya muundi kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo, kisha fanya hivyo mguu wa pili, halafu linganisha. Unatafuta vitu vitatu: joto, uvimbe, na farasi kuvuta mguu unapobonyeza. Kano yenye afya ni kavu, imenyooka, kingo zake unazisikia kwa vidole. Anayeijua miguu ya farasi wangu Mukuba kuliko mimi ni saisi wake, yaani mtunzaji wake, kwa sababu anaigusa hata siku ambazo mimi niko kazini. Siku moja aliniita nikiwa nimeshaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko: "Yaya (yaani mkubwa wangu), gusa hapa, iko moto." Nilipogusa sikusikia tofauti yoyote. Tulimrudisha bandani, tukammwagia maji baridi mguuni, na kesho yake uvimbe mdogo ulionekana kwa macho. Alipumzika, akapona, msimu ukaendelea. Mlipe saisi wako vizuri na kwa wakati. Hiyo nayo ni sehemu ya maandalizi.

Kwa kasi, tumia mwendo wa vipindi. Mpe shoti ya taratibu dakika tatu, mtembeze dakika tatu, na urudie mara tatu. Wiki zikipita, refusha shoti hadi dakika tano, kwa mwendo wa mita kama 400 kwa dakika. Fanya mara moja kila siku nne au tano, siyo kila asubuhi. Uingereza, ngazi ya vizuizi vya sentimeta 90 hukimbiwa kwa mita 450 kwa dakika, na mwendo huo si wa kutisha hata kidogo. Wengi wetu tunakwenda kasi kuliko hapo bila kujua, kisha tunamvutavuta farasi mdomo kwa hatamu mbele ya kila gogo. Pima mita 450 kwa pikipiki, weka alama mbili, jifunze dakika moja inavyosikika ukiwa mgongoni.

Usiamini macho, hesabu. Farasi akiwa ametulia, moyo wake hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Bonyeza mshipa chini ya taya, hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Baada ya kipindi cha mwisho na dakika kumi za kutembea, mapigo yawe yamerudi karibu na 60. Kama bado yako juu sana, kazi ilizidi, au ana joto, au anaumwa mahali. Akihema haraka kuliko moyo wake unavyopiga, mara nyingi ni joto linalomsumbua: maji mengi mwili mzima, tena na tena, huku akitembezwa. Daftari la mapigo litakuambia ukweli ambao marafiki hawatakuambia.

Dresaji nitaipitia haraka kwa kuwa mnaipenda kidogo kama mimi. Ifanye humohumo kwenye matembezi: simamisha, ondoka, pinda kushoto, pinda kulia. Uwanja wa mita 20 kwa 40 unachorwa kwa chokaa popote. Kila kitendo hupewa alama 0 hadi 10, na duara lililo duara kweli ni alama za bure.

Chakula, hapo nitakaa. Kwetu pumba za mahindi ni rahisi kupatikana, basi farasi wengi hulishwa pumba asubuhi na jioni. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Farasi akizila hivyo miezi na miezi, mwili huchukua kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Yaani unamjenga pumzi huku unambomoa mifupa. Msingi uwe nyasi: farasi wa kilo 500 apate kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku. Pumba ziwe kidogo, na uziongezee luseni (majani ya alfalfa) au chokaa ya mifugo. Chumvi iwepo horini kila siku. Mahindi yaliyoshika ukungu tupa, hata kama gunia limekugharimu. Kuna sumu ya kuvu kwenye mahindi ambayo huozesha ubongo wa farasi, na baada ya mvua ndefu maghala yetu hayakosi unyevu.

Halafu tauni ya farasi. Huletwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu, wanaoruka kuanzia jua kuzama hadi asubuhi, na mwisho wa mvua wanakuwa wengi. Kwa umbo lake kali, farasi wengi wanaougua hawaponi. Chanja kwa ratiba ya daktari wa mifugo, mbali na wiki zako za kasi, na baada ya chanjo mpe kazi nyepesi. Mwingize bandani kabla ya magharibi na uzibe madirisha kwa wavu. Sisi wa ofisini hili hutubana, maana kiangazi jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni na kazi bado haijaisha. Mwezi wa tano, wakati visubi bado wapo, mimi huomba saisi amtembeze mchana siku za kazi, nami napanda Jumamosi na Jumapili jua likishapanda. Kufikia mwezi wa sita baridi inawapunguza, naanza kwenda asubuhi kabla ya ofisi, na koti zito, maana baridi ya hapa wageni hawaiamini.

Nawe mpandaji je? Krosi hupandwa ukiwa umesimama juu ya vikuku, makalio hayagusi tandiko, dakika nne au tano mfululizo. Mapaja yakichoka unaangukia mgongo wa farasi kwa kila hatua, na mgongo huo ndio unaotakiwa kuruka. Panda ngazi za ofisini, achana na lifti. Shikilia mkao huo wakati wa mwendo wa matiti hadi uweze kuzungumza bila kukatika pumzi. Kofia iliyokwisha kuanguka na wewe, badilisha. Kizibao cha kukinga kifua kivae hata kwenye mazoezi ya magogo madogo.

Wiki ya mwisho hakuna kinachoongezeka. Kazi ya mwisho ya kasi iwe siku nne au tano kabla, baada ya hapo matembezi na dresaji nyepesi. Siku ya kukagua njia ya krosi, itembee kwa miguu zaidi ya mara moja na uhesabu hatua zako: hatua nne za mtu za sentimeta 90 ni hatua moja ya farasi katika shoti. Kati ya vizuizi viwili vilivyokaribiana, toa hatua mbili za kutua na mbili za kurukia, kinachobaki gawa kwa nne. Angalia jua litakuwa wapi saa yako ya kuondoka, maana gogo lililo kivulini saa nne asubuhi huwa peupe kabisa saa nane, na farasi huona vitu viwili tofauti. Na pale ambapo njia ina mawe, panga tangu sasa utapunguza mwendo wapi. Sekunde moja ya kuchelewa ni alama 0.4 tu.