Re: Intaneti ya Kigoma zamani, mbona ghali na nzito vile?

Mkuu, jibu la swali lako lilikuwa juu ya bati la kafe: lile dishi. Kabla nyaya za intaneti za baharini hazijafika Dar, SEACOM Julai 2009 kisha EASSy 2010, ombi lako lilipanda hadi setilaiti, kama kilomita 36,000 angani, likashuka ng'ambo, jibu likarudi njia hiyohiyo. Nusu sekunde imeshakwenda na ukurasa bado mweupe! Kompyuta zote za kafe zinagombania kamkondo kamoja, mwenye kafe analipia kwa dola.

Umeme nao wa jenereta, maana Kigoma hatukuwa kwenye gridi ya taifa. Ukikatika katikati ya barua pepe, unaandika upya, na dakika unalipa.

Na hiyo 2009 walioneemeka kwanza ni Dar. Huku tulisubiri mkongo wa taifa, yaani nyaya za nchi kavu za kuleta intaneti hiyo mikoani.