Mume wangu yuko baharini, nami silali

Shikamoo Bibi Mkunga. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mikindani. Mume wangu anavua dagaa. Siku za giza, mbalamwezi isipokuwepo, wanatoka wakati wa magharibi na kurudi alfajiri. Miaka yote nilikuwa nalala bila shida. Lakini Mei 2024, siku zile za Kimbunga Hidaya, upepo uliwakuta nje. Alfajiri hawakurudi, saa nne hawakurudi, tukaja kupata habari jioni kwamba wamejibanza Msimbati. Tangu hapo, akibeba tu taa yake kwenda diko, moyo unanidunda na viganja vinatoka jasho. Nakaa mlangoni nasikiliza mawimbi mpaka adhana ya alfajiri. Nasali, lakini nikimaliza kusema Amina hofu ipo palepale. Mama mmoja wa kanisani ameniambia hofu ni dhambi, maana Biblia inasema pendo lililo kamili huitupa nje hofu. Mwingine anataka nitoe shilingi 50,000 nipewe mafuta ya kupaka chombo. Bibi, nitapataje amani? Na je, ni kweli kwamba simwamini Mungu?
Mama wa Wawili, Mikindani

Marahaba, mwanangu.

La mafuta nilimalize kwanza. Usitoe hiyo hela. Neema ya Mungu haiuzwi kwa chupa, na elfu hamsini inakaribia kumnunulia mumeo koti la kuokolea.

Sasa huyo mama wa kanisani. Simlaumu, pengine na yeye aliambiwa hivyohivyo. Ila mstari aliokupigia ameukata katikati. Fungua Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 4, anza mstari wa 17. Utaona Yohana anazungumzia siku ya hukumu, na kwenye 18 anaeleza ni hofu ipi: "hofu ina adhabu." Ni hofu ya mtu anayemwona Mungu kama hakimu aliyeshika fimbo. Mke anayemsubiri mumewe atoke baharini hayumo humo. Wewe unaogopa kwa sababu unapenda. Mwenye zaburi alimwambia Mungu, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Ni Zaburi ya 56, mstari wa 3. Hakusema siku nitakayoacha kuogopa. Siku ya hofu yangu. Anaitaja hofu kuwa ni yake, na anatumaini akiwa nayo kifuani.

Nikueleze nilivyojifunza jambo hili, maana vitabuni nilikuwa nimelisoma mara nyingi na halikuniingia.

Mwanangu wa tatu alikuwa anafanya biashara ndogo Palma, ng'ambo ya Ruvuma. Wewe ni wa huku, unajua. Nusu yetu tuna ndugu Msumbiji. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilivamiwa na waasi wenye silaha. Simu zikakatika. Nilipiga namba yake hadi kidole kikauma, na sauti ileile ikanijibu kila mara kwamba hapatikani. Watu wakaanza kuleta habari, kila mmoja na zake, na kila mpya ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Jumapili ya Matawi ilikuwa tarehe 28. Nilibeba tawi langu kwenye maandamano na sikusikia hata wimbo mmoja.

Nilizalisha wanawake kwa miaka 31, Newala na Masasi. Nimeshika mikono ya mabinti wanaotetemeka usiku wa manane, nikawaambia usiogope, niko hapa. Siku zile sikuwa na la kujiambia mimi mwenyewe. Nilisali kama unavyosali wewe. Nikisema Amina, moyo unaanza tena.

Alhamisi Kuu, tarehe 1 Aprili, tulikesha kanisani. Padre akasoma habari za Gethsemane, na kwa mara ya kwanza nikamsikia Yesu kama mtu anayeogopa. "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Mwana wa Mungu anawaomba wavuvi wamkalie karibu. Akasali neno lilelile mara tatu. Ikiwa yeye alirudia mara tatu, mimi ni nani hata nidhani sala yangu imeshindwa kwa sababu sikutulia mara ya kwanza?

Nilitoka pale nikafanya kitu ambacho kwa siku nane nilikuwa nakionea haya: niliwaambia wenzangu. Nikasema, jamani, siwezi kulala peke yangu, naogopa mwanangu amekufa. Mama mmoja wa umoja wetu akachukua kanga yake, tukaondoka naye. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye ni Mwislamu, akaleta uji wa muhogo, akaketi mkekani hadi saa sita, hana la kusema, anavuta tasbihi yake. Usiku ule nililala saa nne mfululizo. Mwanangu alikuwa hajapatikana. Hakuna habari yoyote njema iliyokuwa imefika. Lakini kulikuwa na kitu chini yangu, kama sakafu, ambacho jana yake sikukihisi.

Simu yake ilikuja Jumanne baada ya Pasaka, kwa namba ya kuazima, kutoka mji wa Pemba wa hukohuko Msumbiji. Walitolewa kwa chombo. Nilipiga magoti jikoni, sufuria likaungua.

Lakini sitaki uchukue hiyo simu kuwa ndiyo jibu. Katika kanisa letu yupo mama ambaye simu yake haikuja. Anasali kuliko mimi, na imani yake ni kubwa kuliko yangu. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ukiamini vizuri chombo kitarudi. Nikikuambia hivyo nitakuwa nakuuzia mafuta kama yule mwingine. Ninachokuahidi ni kile nilichokipata Alhamisi, kabla ya Jumanne. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa amefungwa, hajui ataachiwa au atauawa, akasema amani ya Mungu "itawahifadhi mioyo yenu." Neno alilotumia Paulo kwa Kigiriki ni la askari wanaolinda mji. Mlinzi huwekwa mahali penye hatari.

Halafu nenda Marko sura ya 4, uisome kama mke wa mvuvi. Wahubiri wa bara huipita haraka. Dhoruba imepiga, maji yanaingia, naye Yesu "alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto." Muulize mumeo shetri ni wapi, atakuonyesha kwa mkono. Ni nyuma, karibu na usukani. Wavuvi wazoefu wa ziwa lile wameogopa, wanamwamsha kwa maneno ambayo wewe ungeyaonea haya kuyasema kanisani: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hajali! Ndivyo wanavyomwambia. Naye hakungoja watubu lugha yao. Aliamka, akautuliza upepo kwanza. Swali la "Mbona mmekuwa waoga?" limekuja bahari ikiwa imeshakuwa shwari. Na ukirudi mstari wa 36 utakuta maneno machache ambayo mimi huyapenda sana: "na vyombo vingine vilikuwako pamoja naye." Shwari ile iliwafikia na wale ambao Yesu hakuwa ndani ya vyombo vyao.

Basi usiku, unapokaa mlangoni, mwambie yaliyomo hasa. Usipambe. Mwambie, Bwana, naogopa mume wangu atazama na nitabaki na watoto wawili. Sema kwa sauti. Hofu isiyotajwa jina huota pembe gizani.

Na mwili nao una mambo yake. Mabinti wa uchungu niliwafundisha kutoa pumzi taratibu, ndefu kuliko waliyoivuta, kwa sababu moyo unaodunda hushuka pumzi inapotoka polepole. Vuta ukisema moyoni, "Siku ya hofu yangu." Toa taratibu ukisema, "nitakutumaini Wewe." Mara kumi. Mimi hufanya mpaka leo, hata nikiwa kwenye basi.

Ila nenda pia zahanati, na hili nakuagiza kama mkunga. Wakupime presha na wingi wa damu, na useme waziwazi kwamba hulali tangu mwaka ule. Damu ikipungua moyo hudunda. Tezi ya shingo ikizidisha kazi moyo hudunda na viganja hutoka jasho, na unaweza kuhangaika kusali juu ya jambo ambalo lina dawa. Hata hofu yenyewe, ikikaa muda mrefu na kukunyima usingizi namna hii, inatibika. Kwenda kwa daktari si kumkimbia Mungu. Luka alikuwa tabibu.

Kwa mumeo, ongea naye mchana, akiwa ameshaamka na kula. Usimngoje mlangoni na lawama. Mwombe mambo mawili tu: koti la kuokolea, na asikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka. Wakati wa Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, hapa Mtwara tuliambiwa tukae ndani, shule zikafungwa, na kimbunga kikaangukia wenzetu wa Cabo Delgado, Msumbiji. Wapo waliolalamika kwamba walipoteza siku ya kazi bure. Marehemu mama yangu angewashangaa. Yeye alikuwa Lindi tarehe 15 Aprili 1952, siku mbili tu baada ya Pasaka, kimbunga kilipoupiga mji bila wao kujua kinakuja. Alisema alijaribu kusali Baba Yetu chini ya kitanda na hakuwahi kufika "ufalme wako uje". Kila paa lilipolia alianza upya. Alianza upya hadi kulipokucha. Alikuwa akitusimulia hilo bila aibu yoyote, na sijapata kuona mwanamke mwenye imani kama yake.

Tafuta mama mmoja wa kukesha naye siku za giza. Asiwe yule aliyekuambia hofu ni dhambi, angalau kwa sasa. Na uniandikie tena jina la chombo chenu. Sisi wazee sita tunakutana kila Alhamisi jioni, tunavitaja vyombo kwa majina, kimoja kimoja. Vipo kumi na tisa kwenye daftari. Chenu nimekiachia mstari.

Msalimie mkwe wangu.
Bibi Mkunga