Kasisi mshairi aliyewazika mabaharia

Ndugu, umeuliza kama yupo kasisi mshairi wa Kiingereza aliyeishi kijijini kwelikweli, akabeba shida za watu wake badala ya kusifia maua tu. Yupo: Robert Stephen Hawker wa kijiji cha Morwenstow, kaskazini mwa Cornwall, jimbo la kusini-magharibi mwa Uingereza. Niliwahi kufanya kazi ya kutunza wazee upande huo, na kila nilipopata nafasi nilikwenda kanisani kwake.

Aliingia parokia hiyo mwishoni mwa 1834, akaitumikia hadi kifo chake 1875. Kabla yake ilipita miaka zaidi ya mia bila kasisi kukaa pale. Mashamba yanakatika ghafla kwenye magenge, chini ni miamba mitupu. Meli ya tanga ikisukumwa na upepo wa Atlantiki hadi hapo, haina pa kukimbilia.

Kazi yake ya ufukweni naiweka juu ya mashairi yake yote. Zamani maiti za mabaharia zilifukiwa papo hapo zilipokutwa. Hawker hakukubali. Aliteremka na wanakijiji kuzitafuta, akazizika kwa ibada kamili uwanjani mwa kanisa, zaidi ya 40. Mwaka 1842 ilivunjika Caledonia, meli ya Arbroath huko Scotland, akanusurika mtu mmoja tu. Sanamu ya mwanamke mwenye upanga na ngao, iliyokuwa kwenye omo yake, ikawa alama ya kaburi lao. Siku hizi imehifadhiwa ndani, nje ipo nakala. Mimi ni mtoto wa Pwani. Nawajua watu ambao bahari haikuwarudishia ndugu yao, hawana hata kaburi la kuzuru, kwa hiyo pale nilisimama muda mrefu.

Wenye Sikukuu ya Mavuno makanisani, namna yake ya sasa huhesabiwa kuanzia kwa Hawker, 1843.

Kuhusu mashairi, anza na lile la Trelawny, askofu mzaliwa wa Cornwall aliyefungwa na mfalme. Alilitoa bila kutaja jina lake akiwa kijana, na wengi wakadhani ni wimbo wa kale. Watu wa Cornwall huliimba kama wimbo wao wa taifa, basi lisome kwa sauti. Kisha utafute utenzi wake wa Sangraal, yaani kikombe kitakatifu cha Yesu katika hadithi za kale, uliotoka 1864, mwaka mmoja baada ya kufiwa na mkewe Charlotte. Ni mgumu, lakini usiuache. Aliutunga katika kibanda alichojijengea gengeni kwa mbao za meli zilizovunjika, na kibanda hicho bado kipo, mlango wazi kwa yeyote apitaye.