Kabla ya kuuliza inabeba tani ngapi, angalia imesimama wapi

Vijana mnaoingia kwenye krini za kunyanyulia mizigo na vijiko vya kuchimbia udongo, niwaambie hili mapema kabla hamjazoea vibaya. Karibu kila opareta mpya akifika kwenye mashine swali lake la kwanza ni "hii inabeba tani ngapi?" na akishajibiwa anaona kazi imeisha. Krini ikiandikwa tani 50, hizo tani 50 inazibeba ukiwa umeubana mzigo karibu kabisa na mashine, mita kama tatu hivi toka katikati inapozungukia, bumu (ule mkono mrefu wa krini) fupi, jeki zote (miguu ya pembeni ya kuegemea) zimetolewa mpaka mwisho. Ukianza kuupeleka mzigo mbali ile namba inashuka mpaka utashangaa, kule mwisho wa bumu unaweza kukuta mashine hiyo hiyo inahemea tani moja.

Chukua tani 5. Ikiwa mita 4 toka katikati, zidisha, unapata 20. Ipeleke mita 8, ni 40. Mzigo haujaongezeka hata kilo lakini mashine inavutwa mara mbili. Na hapo nimekuhurumia, maana krini haipindukii katikati, inapinduka kwa kuegemea jeki ya upande wenye mzigo, kwa hiyo kama jeki imetoka mita 3, ule mzigo wa mita 4 uko nje kwa mita 1 tu, ule wa mita 8 uko nje mita 5. Piga hesabu mwenyewe uone.

Kingine ambacho wengi hawakitegemei ni kwamba bumu inapinda ikishika uzito. Umepima umbali mzigo ukiwa chini, sawa, lakini ukiunyanyua bumu inainama mbele kidogo na mzigo unasogea nje, kwa hiyo umbali halisi ni mkubwa kuliko ulioupima. Na kwenye uzito ujumlishe ndoano yenyewe, minyororo, mikanda, kila kinachoning'inia. Chati ya mashine, yaani jedwali la uzito inaoruhusiwa kubeba kwa kila umbali, haijui kwamba we umesahau kuhesabu ndoano ya kilo mia nne.

Halafu kuna wajanja. Wakishasikia kwamba kwa viwango vya Kimarekani chati ya krini ikiwa kwenye jeki inaishia asilimia 85 ya uzito wa kuipindua, wanaona ile 15 iliyobaki ni akiba yao ya kutumia siku injinia akiwa na haraka. Hiyo siyo yako bwana. Na chati yenyewe imetengenezwa kwa kudhani mashine iko levo, ardhi ni ngumu, mzigo umetulia haubembei. Mashine ikilala digrii moja tu, ncha ya bumu iliyo mita 30 juu inahama pembeni nusu mita nzima, na jicho lako halioni digrii moja, ndo maana kuna pimamaji mle ndani ya kebini. Itazame kabla ya kunyanyua, itazame tena baada ya mzigo wa kwanza maana hapo ndo ardhi inakuwa imeshajibu.

Ardhi sasa, na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri kwa sababu mashine nyingi zinazolala zinalala kwa sababu ya chini sio ya juu. Jeki moja ikibebeshwa tani 20 na kisahani chake ni nusu mita kwa nusu mita, hiyo ni sawa na tani 80 kwa kila mita ya mraba. Udongo wa kawaida wa saiti hauwezi hiyo. Weka chini yake pedi au mbao nene zilizofungwa pamoja za mita 1.2 kwa 1.2, unashuka mpaka tani kama 14. Ziwe ngumu lakini, plaiwudi nyembamba inapinda na uzito unarudi pale pale katikati, umejidanganya tu.

Uliza kilichopita chini: mtaro uliofukiwa juzi, shimo la maji taka, chemba, bomba, kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa. Kwa juu vyote vinafanana na ardhi nzima, hasa vikishakanyagwa na matipa. Niliwahi kuona jeki ya nyuma ikiwa juu ya mtaro uliofukiwa na kila mtu anatazama mzigo, ila kijana wa ishara yeye alikuwa anatazama pedi, akaona ufa mwembamba unazunguka pedi kama nusu duara na maji yanachuruzika pembeni. Akafunga ngumi, kazi ikasimama, mzigo ukarudishwa chini. Kwa hiyo kabla ya kunyanyua chochote zungusha bumu taratibu ndoano ikiwa tupu, kila kona, mtu yuko chini anatazama pedi. Mvua ikinyesha usiku asubuhi unaanza upya, usiniambie jana ilikuwa poa.

Kijiko kina tabia zake. Mbele ya cheni, zile kinazotembelea, kina nguvu, ukizungusha ubavuni kinakuwa chepesi kupinduka, ndo maana chati yake ina safu mbili. Ukichimba mtaro weka cheni zielekee ukingo, sio sambamba nao, ili ukiona udongo unaachia urudi nyuma moja kwa moja. Kaa mbali na ukingo angalau sawa na kina cha mtaro, udongo ukiwa wa mchanga au umelowa ongeza. Kwenye mteremko panda na ushuke ukiwa umenyooka, baketi iko chini karibu na ardhi, na usije ukazungusha baketi iliyojaa kuelekea bondeni huku bumu imenyooshwa.

Tipa ni levo tu, usinyanyue bodi tairi za upande mmoja zikiwa kwenye shimo, na udongo wa mfinyanzi ukigoma kushuka ukabaki kule juu shusha bodi, usiitikise kwa kusogeza gari mbele na breki.

Ukihisi krini inakuwa nyepesi, inataka kupinduka, usishushe bumu, maana ukishusha bumu unauongezea mzigo umbali na unaimalizia mwenyewe. Legeza waya, mzigo uende chini taratibu bila breki ya ghafla. Kwenye rola au kijiko chenye kebini imara ikianza kwenda, usiruke, mkanda uwe umefungwa toka asubuhi, shika kwa nguvu ubaki ndani. Wanaoruka wanarukia upande ule ule mashine inakolalia.